Mwaka umepita bila mimba: nani apimwe, apimwe nini, na siku gani

Ndoa ikishatimiza miezi kadhaa bila habari njema, macho ya ukoo mzima huhamia kwenye tumbo la mke. Wifi anauliza kwa utani, mama mkwe anamjua mzee mwenye dawa ya chango, shoga ameona tangazo la kliniki kwenye simu. Mke anaanza kuzunguka peke yake. Baada ya miaka miwili mitatu ana bahasha nene ya picha za altrasaundi, majibu ya homoni zilizopimwa siku zisizo zake, na stakabadhi za dawa za kusafisha kizazi, huku mume hajawahi kukanyaga maabara hata mara moja. Fedha zimekwenda. Muda nao umekwenda, na kwa mwanamke anayetafuta mtoto muda ni mali kuliko fedha.

Vipimo vya uzazi ni vichache kuliko watu wanavyodhani. Ila kila kimoja kina mtu wake, siku yake na swali lake, na kikifanywa nje ya hapo hutoa jibu la kupotosha.

Kwanza, hesabuni mwaka vizuri

Shirika la Afya Duniani (WHO) linahesabu kuwa kuna tatizo la uzazi pale wawili wanapokutana kimwili mara kwa mara, bila kinga yoyote, kwa miezi 12 au zaidi na mimba haijaingia. Ripoti yake ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita hupitia hali hiyo wakati fulani maishani mwake. Miezi 12 haikuchaguliwa ovyo. Hata kwa watu wenye afya njema kabisa mimba haiingii kila mwezi: kati ya wenza 100 ambao mke hajafika miaka 40, zaidi ya 80 huipata ndani ya mwaka wa kwanza, na karibu nusu ya waliobaki huipata mwaka wa pili bila dawa yoyote.

Lakini "mara kwa mara" maana yake ni kila baada ya siku mbili au tatu. Dereva wa malori ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi anayelala nyumbani siku nne kwa mwezi, au mke anayefanya kazi Muscat na kurudi Tanga kwa likizo, hao hawajamaliza mwaka hata kama cheti cha ndoa kina miaka mitatu. Yai likishatoka huishi kiasi cha siku moja tu. Mbegu za kiume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano. Kwa hiyo siku zenye uwezekano wa mimba, zile ambazo watu huziita siku za hatari, ni sita katika kila mzunguko: tano kabla ya yai kutoka, na siku yenyewe ya kutoka. Likizo ikiangukia nje ya siku hizo, mwezi huo haukuwa na nafasi yoyote, na hakuna kipimo kitakachoonyesha ugonjwa kwa sababu ugonjwa haupo.

Aliyekuwa akichoma sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango naye ahesabu kwa namna yake. Nusu ya wanawake hao huchukua karibu miezi 10 tangu sindano ya mwisho ndipo washike mimba, na wengine zaidi ya hapo. Dawa huchelewa kuisha mwilini; haijaharibu kizazi.

Wapo pia wasiopaswa kusubiri mwaka. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, miezi sita inatosha. Akifika 40, waende mara moja. Vivyo hivyo kama hedhi inaruka miezi, kama aliwahi kuugua sana maambukizi ya nyonga, kama aliwahi kupata mimba iliyotunga nje ya kizazi, au kama mume alizaliwa na korodani ambazo hazikushuka, alifanyiwa upasuaji sehemu hizo au aliwahi kutibiwa saratani.

Maswali ni matatu

Ukiondoa maneno ya kitaalamu, uchunguzi wote unajibu maswali matatu. Je, mume ana mbegu za kutosha zinazoogelea? Je, yai la mke linapevuka na kutoka? Je, mirija iko wazi ili viwili hivyo vikutane, na mfuko wa uzazi uko tayari kupokea? Daktari makini huanza kuyatafutia majibu yote matatu ndani ya mzunguko mmoja au miwili, kwa watu wote wawili. Akianza kwa kumchimba mke peke yake kwa mwaka mzima, badilisheni daktari.

Kikombe cha mume

Upande wa mwanaume, peke yake au pamoja na wa mke, unahusika katika karibu nusu ya wenza wanaohangaika. Na kipimo chake kikuu ndicho rahisi kuliko vyote: hakuna sindano, hakuna kulala mezani, hakuna maumivu. Ndiyo maana nasema mume apimwe siku ya kwanza, hata kama ana mtoto wa nje, hata kama nguvu zake chumbani hazina shaka. Nguvu za kiume na wingi wa mbegu ni vitu viwili tofauti kabisa. Mwanaume anaweza kuwa hodari kitandani na manii yake yasiwe na mbegu hata moja. Na mtoto aliyezaliwa miaka minane iliyopita anatoa ushahidi wa miaka minane iliyopita tu.

Namna ya kutoa sampuli ina uzito mkubwa, na hapo ndipo maabara nyingi hazimwelezi mtu vya kutosha. Asikutane na mwanamke wala kujichua kwa siku zisizopungua mbili na zisizozidi saba. Manii yote yaingie kwenye kikombe, hasa ya mwanzo, kwa sababu sehemu ya kwanza ndiyo yenye mbegu nyingi. Ikimwagika, aseme, ili kipimo kirudiwe siku nyingine. Asitumie mate, sabuni wala mafuta. Kondomu ya kawaida haifai, maana huua mbegu. Kwa mtu ambaye dini au dhamiri yake haimruhusu kujichua, zipo kondomu maalumu zisizo na kemikali ambazo hutumika katika tendo la ndoa lenyewe, na aziulizie bila haya. Akitolea nyumbani, kikombe kifike maabara ndani ya saa moja, kikiwa karibu na mwili kisipate baridi. Mtu wa Mbagala anayepimwa katikati ya jiji asubuhi ni heri atolee hospitalini, kwa sababu foleni haihurumii mbegu.

Majibu yakitoka, watu wengi hupigwa na butwaa bila sababu. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unataja viwango vya chini kama hivi: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, jumla milioni 39 katika sampuli nzima, zinazotembea asilimia 42, na zenye umbo la kawaida asilimia 4. Hiyo namba ya mwisho imeshavunja mioyo ya wanaume wengi. Mtu anasoma kwamba asilimia 95 ya mbegu zake zina umbo lisilo la kawaida na anajiona amekwisha, kumbe yuko ndani ya kiwango. Binadamu ndivyo tulivyo. Sehemu kubwa ya mbegu za mwanaume yeyote hazina umbo la vitabuni.

Viwango hivyo vyenyewe vilipatikana kwa kupima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, kisha kukata mstari pale chini ambapo wamebaki asilimia 5 tu. Yaani kati ya kila akina baba 20 waliopimwa, mmoja alikuwa chini ya mstari huo na bado aliitwa baba. Aliye chini kidogo ana nafasi iliyopungua, hajafungiwa mlango. Na aliye juu hajapewa hakikisho.

Kipimo kikija kibaya, kinarudiwa kabla ya jambo lingine lolote. Mbegu huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo malaria kali au homa yoyote ya mwezi uliopita inaweza kuonekana kwenye kikombe cha leo. Kurudia baada ya miezi mitatu hivi kunatoa picha ya kweli zaidi. Katika miezi hiyo aache sigara, apunguze pombe, na kama anachoma au kumeza testosteroni kwa ajili ya misuli ya jimu, aache kwa usimamizi wa daktari. Hili vijana hawalijui: testosteroni ya kutoka nje huiambia tezi ya ubongo kwamba iliyopo inatosha, na kiwanda cha mbegu kinazimwa.

Mbegu zikiwa sifuri kabisa mara mbili, hapo uchunguzi unaingia ndani zaidi. Daktari anazishika korodani kuona ukubwa wake na kama kuna mishipa iliyovimba, kisha anapima homoni za FSH (inayoamrisha korodani kutengeneza mbegu, na kwa mwanamke hukuza mayai) na testosteroni. FSH ikiwa juu na korodani ni ndogo, tatizo huwa kwenye utengenezaji wenyewe. Sababu inaweza kuwa ya kijenetiki, au matubwitubwi aliyougua baada ya kubalehe. FSH ikiwa ya kawaida na korodani zina ukubwa wake, yawezekana mbegu zipo ila njia imeziba, na mara nyingi zinaweza kutolewa kwa sindano moja kwa moja. Tofauti hiyo ni kubwa sana kwa maisha ya watu wawili, na haiwezi kujulikana kwa kunywa dawa za kuongeza mbegu.

Yai linatoka?

Kwa mke, kipimo cha kwanza hakigharimu chochote: tarehe za hedhi za miezi sita iliyopita, zimeandikwa. Hedhi inayokuja kila baada ya siku 21 hadi 35 kwa mpangilio unaotabirika ni dalili nzuri kwamba yai linatoka. Inayokuja mara nne kwa mwaka ni dalili kwamba mara nyingi halitoki.

Kuthibitisha, damu hupimwa homoni ya projesteroni. Hapa kuna kosa ambalo limewapotosha wanawake wengi. Kipimo hiki kimezoeleka kuitwa cha siku ya 21, kuhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi, na baadhi ya maabara humchoma kila mwanamke siku hiyo. Siku ya 21 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28 peke yake. Projesteroni hupanda baada ya yai kutoka, na kilele chake ni kama siku saba kabla ya hedhi inayofuata. Kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 35 apimwe siku ya 28, na wa siku 32 apimwe siku ya 25. Akipimwa siku ya 21, yai lake huenda linatoka siku hiyohiyo. Homoni itaonekana chini na ataambiwa hapevushi mayai, kisha ataandikiwa dawa asizozihitaji. Ikipimwa siku yake, kiasi kinachozidi nanogramu 3 kwa mililita kinaonyesha yai limetoka.

Vijiti vya mkojo vinavyouzwa famasi husoma homoni ya LH, ambayo hupanda siku moja au moja na nusu kabla ya yai kutoka. Vinasaidia kupanga siku za kukutana, ingawa kwa wenye mayai mengi madogo kwenye ovari vinaweza kuonyesha alama kila siku na kuchanganya.

Mzunguko ukivurugika, ndipo homoni nyingine zinaingia: FSH, LH na estrojeni kati ya siku ya pili na ya tano ya hedhi, TSH ya tezi ya shingo, na prolaktini, homoni ya maziwa. Prolaktini hupanda hata kwa msongo na kwa baadhi ya dawa, zikiwemo za kuzuia kutapika, basi ikiwa juu kidogo irudiwe asubuhi mama akiwa ametulia kabla hajaanza kumezeshwa chochote.

Na sasa kile kipimo kinachotangazwa sana, AMH, kinachokadiria akiba ya mayai. Kina kazi yake: kinamsaidia daktari kujua ovari zitaitikiaje sindano za kukuza mayai kwa ajili ya upandikizaji, yaani mbegu na yai kukutanishwa maabara. Lakini hakitabiri kama utashika mimba kwa njia ya kawaida. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia wanawake wapatao 750 wa miaka 30 hadi 44 wasio na historia ya ugumba, na waliokuwa na AMH ya chini walishika mimba sawasawa na wenzao. Msichana wa miaka 27 aliyepewa namba ndogo asikimbizwe kulipia upandikizaji kwa hofu ya namba hiyo peke yake.

Njia iko wazi?

Altrasaundi huonyesha mfuko wa uzazi na ovari. Huonyesha faibroidi, yaani uvimbe wa misuli ya mfuko wa uzazi, na hapo cha kuuliza ni mahali ilipo: inayojitokeza ndani ya mfuko wa uzazi inaweza kuzuia mimba, iliyo ukutani kwa nje kwa kawaida haina shida. Huonyesha pia vifuko vya mayai. Kifuko kilichokomaa kina milimita 18 hadi 25 hivi, na nasikitika kila ninaposikia mwanamke aliyeambiwa ana uvimbe kwenye ovari wakati alipimwa katikati ya mzunguko na kilichoonekana ni yai lake la mwezi likijiandaa kutoka. Uvimbe wa maji wa sentimita mbili siku ya 13 uangaliwe tena baada ya hedhi kabla haujapewa jina la ugonjwa.

Kitu ambacho altrasaundi ya kawaida haionyeshi ni mirija iliyo wazi au iliyoziba. Labda mrija uwe umejaa maji na kuvimba, hapo utaonekana. Vinginevyo, anayekuambia mirija imeziba kwa kupitisha mashine juu ya tumbo anakisia.

Kipimo cha mirija ni HSG, eksirei inayopigwa huku dawa yenye rangi ikipitishwa taratibu kwenye mlango wa kizazi kwa mpira mwembamba. Hufanywa baada ya damu ya hedhi kukata na kabla yai halijatoka, kwa kawaida kati ya siku ya 6 na ya 10, ili kusiwe na mimba changa. Kinachukua dakika chache. Wengine huhisi maumivu kama ya hedhi, wengine makali zaidi. Kidonge cha kutuliza maumivu saa moja kabla husaidia, na mwenye mzio wa ayodini au aliyewahi kuugua maambukizi ya nyonga alitaje hilo mapema.

Kwa eneo letu kipimo hiki kina uzito wa pekee, kwa sababu mirija kuziba baada ya maambukizi ni sababu kubwa ya wanawake wa Afrika kukosa mimba. Klamidia mara nyingi haina dalili. Kisonono, maambukizi baada ya kujifungua au kutoa mimba katika mazingira machafu, hata kifua kikuu cha viungo vya uzazi, vyote huacha makovu. Antibiotiki huua bakteria, ila makovu hubaki palepale, na ndiyo sababu duru ya nne ya dawa za PID, yaani maambukizi ya nyonga, haitazibua mrija.

Jibu la "imeziba" nalo lina daraja. Mrija ulioonekana kuziba pale mwanzo tu, karibu na mfuko wa uzazi, huenda ulijikaza kwa maumivu na hofu wakati wa kipimo. Daktari anaweza kurudia au kuangalia kwa kamera kupitia tundu dogo tumboni, njia ambayo pia hugundua endometriosisi, yaani utando wa ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake. Mrija ulioziba mwishoni na kujaa maji ni habari nyingine: maji hayo hupunguza sana mafanikio ya upandikizaji, na mara nyingi hushauriwa mrija uondolewe au ufungwe kwanza. Mrija mmoja ukiwa wazi na yai linatoka, mimba inawezekana.

Jambo moja la kutia moyo: utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2017 uliohusisha wanawake zaidi ya 1,100 ulionyesha kuwa waliopimwa kwa dawa ya rangi yenye mafuta walipata mimba zilizoendelea kwa karibu asilimia 40 ndani ya miezi sita, dhidi ya asilimia 29 ya waliopimwa kwa dawa yenye maji. Kipimo chenyewe kinaweza kuwa msaada. Haikuwa kwa wenye mirija yenye makovu mazito, hilo lieleweke.

Vipimo vya kuacha

Mjini na mikoani zimeenea mashine za kushika mkononi zinazodai kupima mwili mzima kwa dakika moja. Unashika chuma, kompyuta inachapisha kurasa za majibu, na mwisho wake ni mfuko wa virutubisho vya bei kubwa. Mashine hiyo haijachukua damu, haijahesabu mbegu, haijaona mrija. Haiwezi kujibu swali hata moja kati ya yale matatu.

Kinachofaa kufanywa na kila wenza, hata kabla ya matatizo, ni VVU, kaswende na homa ya ini B, na mke kuanza vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku. Wenza ambao mmoja ana VVU wasikate tamaa wala wasifiche: anayetumia dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana, na kliniki inaweza kuwapangia muda salama wa kutafuta mtoto.

Kila kitu kikionekana sawa

Kati ya asilimia 15 na 30 ya wenza humaliza vipimo vyote na kuambiwa hakuna kilichoonekana. Jibu hilo linauma, maana mtu alitaka jina la adui. Maana yake ni kwamba vipimo tulivyonavyo vimefika mwisho: vinaona kama yai limetoka, ila havioni ubora wake, vinaona mrija uko wazi, ila havioni kama unalisukuma yai inavyotakiwa. Hiki ndicho kipindi cha hatari zaidi kwa mfuko wa familia, kwa sababu kila mwenye dawa anakuwa na maelezo ambayo hospitali haikuyatoa.

Kinachoamua hatua hapa ni umri wa mke na muda mliojaribu. Mke wa miaka 28 aliyejaribu mwaka mmoja, majibu yote yakiwa safi, akiambiwa aendelee nyumbani mwaka mwingine huku siku za hatari zikifuatwa, amepewa ushauri halali. Mke wa miaka 38 mwenye majibu hayohayo asikubali kurudishwa nyumbani na maneno hayo. Yeye anahitaji kukaa na daktari na mumewe mwezi huo huo, wazungumze kama waanze kwa mbegu kuwekwa ndani ya mfuko wa uzazi au waende moja kwa moja kwenye mbegu na yai kukutanishwa maabara, gharama ni kiasi gani, na watajaribu mara ngapi kabla ya kusimama na kufikiri upya.